UZI: Boti ya zamani ya faiba, igonge kwanza ndipo ufikirie rangi

Mkuku (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu zenu.

Kila baada ya muda mtu anaweka picha ya boti ya faiba iliyokaa juani miaka na miaka. Imepauka, ina nyufa nyufa, na swali linakuwa moja: nipake rangi gani? Nimeamua kujibu kwa kirefu kwa sababu na mimi nilianzia hapo hapo. Boti yangu ni ya uvuvi, urefu mita 5.8, nilipoipata maji ya mvua yalikuwa yamejaa ndani hadi kwenye viti. Nikayafua, nikapiga msasa, nikapaka rangi mikono miwili, ikapendeza kweli. Baada ya msimu mmoja nikaikata rangi ile ile kwa grainda ili niufikie ubao uliokuwa umeoza nyuma yake. Miezi minne ya kazi yangu ikaondoka na vumbi.

Faiba yenyewe haiozi. Ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa na resini ya poliesta. Boti za namna hii zilianza kuundwa miaka ya 1940, zikaenea miaka ya 1950, na yapo maganda ya zama hizo yanaelea mpaka leo. Kinachokufa ni mbao iliyofichwa ndani ya faiba: ule ukuta wa tezi unaobeba injini (mafundi wengi wanauita transomu, nami nitauita hivyo), boriti za chini ya sakafu, na plaiwudi ya sakafu yenyewe. Muundaji alizifunika mbao hizo kwa faiba pande zote. Akaja mwenye boti akapiga skrubu moja ya kushikia kifaa cha kupimia kina, nyingine ya kushikia fimbo, hakutia silanti (gundi laini ya kuzibia maji). Maji yakapenya kwenye tundu la skrubu. Yakishaingia hayana pa kutokea, maana faiba iliyowekwa kuyazuia yasiingie ndiyo hiyo hiyo inayazuia yasikauke. Mbao inakaa na unyevu miaka kumi, ishirini, huku nje hujaona kitu.

Wazee wa bahari walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwenye ukaguzi wa boti hili lichukueni kama lilivyo: maji yaliyoingia popote, iwe omo (mbele) au tezi (nyuma), yanateremka hadi ngamani, chini ndani ya boti, na kukaa kwenye sehemu ya chini kabisa ya mbao. Kwa hiyo ukaguzi unaanza chini na nyuma, pale pale watu wengi wasipopenda kuinama.

Vitu vya kubeba ni vichache. Nyundo ya plastiki (mpini wa bisibisi nao unafaa), chaki, tochi, ubao ulionyooka wa kama mita moja, na drili yenye biti ya milimita 4.

Kugonga. Anza ubavuni juu, mahali ambapo faiba ni tupu, ili sikio lako lijue sauti ya kitu kizima: kali, fupi, inaruka. Kisha teremka kwenye transomu na sakafu. Panapotoa sauti nzito iliyokufa, kama unagonga gunia la mchanga, zungushia chaki. Sauti hubadilika pia palipo na unene zaidi au kiunzi kwa nyuma, kwa hiyo usihukumu kwa kugonga mahali pamoja. Boti ina pande mbili zinazofanana: gonga kushoto, gonga mahali pale pale kulia, linganisha. Tofauti kati ya kushoto na kulia ndiyo inayosema kweli.

Injini kama wenzo. Ikiwa injini ya kupachika bado ipo, iinue kidogo, shika mguu wake kwa chini, usukume juu na chini huku mwenzako ameweka ule ubao ulionyooka kwenye transomu. Transomu nzima haipumui. Ukiona nafasi kati ya ubao na transomu inafunguka na kufunga, au nyufa kwenye kona ambapo transomu inakutana na ubavu, au maji yanachuruzika kwenye bolti, jibu umeshapata.

Kutoboa. Hapa watu huogopa, na mimi niliogopa. Toboeni. Toboa kutokea ndani, chini karibu na tundu la plagi ya kutolea maji, pembeni mwa bolti za injini, na katikati. Zungushia biti utepe ili ujue mahali pa kusimama kabla hujatokea kwenye faiba ya nje. Angalia unga unaotoka. Ukiwa mweupe au wa rangi ya mbao, mkavu, unapukutika, ubao ni mzima. Ukiwa wa kahawia iliyoiva au mweusi, unashikana kama tope, una harufu ya majani yaliyooza, ubao umekwisha hata kama kwa nje ni mgumu kama jiwe. Tundu la milimita 4 unaliziba kwa epoksi (resini ya gundi ya kuchanganya) kwa dakika mbili. Kutojua kuna gharama kubwa kuliko tundu.

Fanya hivyo hivyo kwenye boriti, chini kabisa ubavuni mwake. Sakafu unaikagua kwa kisigino: tembea taratibu, penye kubonyea utapasikia mguuni.

Nyufa za jelikoti, yaani lile tabaka la nje la rangi linalong'aa. Ufa wenye umbo la nyota au utando wa buibui kwa kawaida ni pigo: kitu kiliigonga boti pale. Nyufa zinazokwenda sambamba, hasa kwenye kona au kufuata mstari wa boriti, ni dalili kwamba kitu kinapinda kupita kiasi, na ukiziba bila kuimarisha nyuma yake zitarudi mahali pale pale. Kujua kina chake, chimba ufa mmoja kwa ncha ya tupa. Jelikoti ni kama nusu milimita tu. Ufa ukiishia humo ni wa sura. Ukikuta nyuzi nyeupe zilizovunjika chini yake, huo ni wa mwili wa boti.

Nimeandika sana. Ulizeni, nitaendelea na matengenezo.

---

Nanga77

Mkuu asante, uzi umenifikia wakati wake. Nina boti ya mita 5 hivi, sakafu inabonyea karibu na kiti cha nyuma. Kuna mtu ameniambia nitoboe matundu mengi madogo nimimine epoksi nyembamba, inapenya kwenye mbao iliyooza na kuigeuza jiwe. Hii inafanya kazi? Maana kukata sakafu nzima naona ni mlima.

---

Mkuku

Nanga77, nilifanya hilo. Transomu yangu niliitoboa matundu kama arobaini, nikamimina epoksi kwa siku tatu, nikafurahi sana kuona inavyomezwa. Nilipokuja kuikata baadaye nilikuta vigingi vya epoksi vimesimama kama misumari ya kioo, na katikati yake mbao ni tope kama ilivyokuwa. Epoksi haiwezi kuingia mahali ambapo maji yameshakaa. Mbao iliyolowa imeshiba.

Njia hiyo ina mahali pake: plaiwudi bado nzima, kavu kabisa, faiba ya juu tu ndiyo imeachana na ubao kwenye eneo dogo. Hapo unatoboa, unadunga, unaweka uzito juu mpaka ishike. Lakini sakafu inayobonyea chini ya mguu haiko kwenye hali hiyo. Kata kipande kidogo, ukubwa wa kitabu, katikati ya sehemu laini uangalie. Usikate sakafu nzima kabla hujajua boriti zikoje.

---

FundiResini

Mkuku umeeleza vizuri, ila umeruka kitu ambacho kinaharibu boti kuliko kuoza. Nanga77 nisikilize kabla hujawasha grainda.

Sakafu na boriti ndizo zinazolishikilia ganda katika umbo lake. Ukizitoa boti ikiwa imekaa kwenye trela, pale roli zinaposukuma ganda litaingia ndani, kwingine litateremka, na utakapojenga sakafu mpya utakuwa umelifunga kosa hilo humo milele. Boti ikiwa imebonyea chini karibu na tezi itazamisha omo ikienda kasi na hutajua kwa nini. Nimeona boti iliyotengenezwa kwa usafi wa ajabu, faiba imelala vizuri, na majini ikawa inavutia upande mmoja tu.

Kwa hiyo: itengenezee kitanda cha mbao kinachofuata umbo la ganda, mkuku (uti wa chini wa boti) ubebwe kwa urefu wake, na pande zishikiliwe sehemu nyingi. Weka pima maji kwa mapana, tezi na katikati. Vuta uzi kutoka omo hadi katikati ya transomu. Funga mbao za kukatiza juu, ubavu hadi ubavu, ili boti isijifungue. Pima, andika vipimo, pima tena kila ukitoa kitu. Na boriti toa moja, jenga moja. Usizitoe zote kwa pamoja hata kama zote zimeoza.

---

Mkuku

FundiResini, asante kaka, kweli niliruka. Mimi nilifunga mbao za juu tu, chini nikategemea matairi ya zamani. Ganda langu lilisogea milimita 8 upande wa kulia na nilichelewa kuligundua. Wanaoanza sasa, fuateni alivyosema yeye.

---

Kasia_Moja

Swali langu ni poliesta au epoksi? Boti yenyewe iliundwa kwa poliesta, kwa nini isitengenezwe kwa poliesta hiyo hiyo? Ni rahisi na inashika haraka.

---

FundiResini

Nitatetea poliesta kidogo, ila kwa masharti.

Kiwandani wanaweka tabaka juu ya tabaka poliesta ikiwa bado mbichi, kwa hiyo tabaka zote zinaungana kikemikali na kuwa kitu kimoja. Ukija baada ya miaka thelathini, poliesta ya zamani imeshakufa, haiungani tena na mpya. Inachoshika ni mikwaruzo tu uliyoitia kwa grainda. Epoksi ni gundi yenye nguvu zaidi kwenye faiba ya zamani na hasa kwenye mbao. Kwa hiyo kila kinachobeba mzigo, yaani transomu, boriti, viungo vya boriti na ganda, mimi ninatumia epoksi. Kwa kifuniko cha sanduku, kipande cha ubavu juu ya mstari wa maji, poliesta inatosha ukikwaruza vizuri.

Kumbukeni mpangilio: epoksi inashika juu ya poliesta ya zamani, lakini poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Ukishaanza na epoksi mahali fulani, endelea nayo, na juu yake malizia kwa rangi badala ya jelikoti.

Na mati ya kawaida, ile ya nyuzi zilizokatwakatwa, nyuzi zake zimeshikwa na gundi iliyokusudiwa kuyeyushwa na stairini iliyo ndani ya poliesta. Epoksi haina stairini, kwa hiyo mati inabaki ngumu, haikai kwenye kona. Kwa epoksi nunua kitambaa kilichoshonwa chenye nyuzi zinazokatizana kwa mshazari. Kina nguvu zaidi na kinakunywa resini kidogo.

Vipimo vya poliesta kwa anayetaka: mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba, ukiilaza kwa mkono, inakupa takribani milimita 1 ya unene, na inakunywa resini kama mara mbili na nusu ya uzito wake. Hadena, dawa inayoifanya resini igande, ni asilimia 1 hadi 2 kwa uzito, yaani kilo moja ya resini kwa gramu 10 hadi 20. Epoksi ni kitu tofauti kabisa, uwiano wake ni ule ulioandikwa kwenye kopo na hakuna mwingine. Kuongeza hadena ya epoksi hakuharakishi, kunaacha resini laini isiyoshika milele.

---

MamaBahari

Nimesoma hadi hapa na bado hamjagusa afya, wanangu. Niruhusuni niseme, kwa sababu mume wangu aliifanya kazi hii miaka mingi na mapafu yake nayajua mimi niliyekuwa naye usiku akikohoa.

Vumbi la faiba ukilikata kwa grainda linaingia kwenye ngozi, macho na kifua. Kitambaa puani si kinga. Vaeni barakoa ya vumbi inayokaa vizuri usoni, miwani iliyofunga pembeni, nguo za mikono mirefu, na nguo hizo zisifuliwe na za watoto. Mvuke wa poliesta, ile harufu kali, ni stairini, na barakoa ya vumbi haiizuii hata kidogo. Kwa mvuke inatakiwa barakoa yenye vichujio vya mkaa vya mvuke wa kemikali, na hewa ipite. Ndani ya boti mvuke unatulia chini, pale pale unapoinamia.

Epoksi haina harufu kali kwa hiyo watu huichezea mikono mitupu. Siku moja ngozi inaikataa, unavimba na kuwashwa, na tangu hapo kila ukiisogelea inarudi. Glavu kila mara, na msioshe mikono kwa asitoni.

Hadena ya poliesta, ile iitwayo MEKP, ikirukia jicho inaweza kuliua. Ikirukia, maji mengi papo hapo, msisubiri, kisha hospitali. Na ile dawa ya kobalti inayoharakisha resini isikutane na hadena moja kwa moja hata tone. Zinalipuka. Moja ichanganywe na resini kwanza hadi iishe, ndipo nyingine.

---

Mkuku

Mama, asante sana na pole. Nitaweka maneno yako kwenye chapisho la kwanza.

Niongeze la moto: usichanganye resini nyingi kwa mpigo. Ikiwa kwenye kopo inajipasha joto yenyewe, na kadiri inavyokuwa nyingi ndivyo joto linavyopanda, hadi kopo linayeyuka na kutoa moshi. Nusu kilo kwa mara moja inatosha mtu mmoja. Iliyobaki ikianza kuchemka ipelekwe nje mahali pa wazi, mbali na asitoni na mafuta. Na kabla ya cheche yoyote ya grainda, tangi la mafuta liwe limetoka botini. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaowaka.

Sasa transomu, kama nilivyoifanya mara ya pili.

Kwanza nilipima kimo kutoka chini ya ganda hadi ukingo wa juu ambapo injini inakaa. Kimo hicho kinaendana na mguu wa injini, inchi 15 kwa mguu mfupi na inchi 20 kwa mrefu, na ukikikosea pangaboi inakaa juu mno au chini mno. Nikapima na unene wote wa transomu ili bano la injini lirudi mahali pake.

Nilikata faiba ya ndani tu, nikaacha ukingo wa sentimita 5 kuzunguka pande zote, nikaiacha faiba ya nje nzima kama kalibu. Ubao uliooza ulitoka kwa koleo dogo, ulikuwa kama kahawa iliyochujwa. Kwenye kona za juu palikuwa na mbao nzima iliyong'ang'ania, nikaitoa kwa patasi, siku mbili. Kisha nikakwaruza faiba ya nje kwa ndani hadi isiwe na mng'ao, nikafuta kwa asitoni, nikaacha ikauke.

Nilikata umbo kwa boksi la karatasi kwanza, nikalijaribu mara tano sita, ndipo nikakata plaiwudi ya baharini, vipande viwili vya milimita 18. Kila kipande nikakipaka epoksi tupu pande zote, na kingo mara tatu, kwa sababu plaiwudi hunywa maji kwenye kingo kuliko usoni. Kisha epoksi iliyokazwa kwa poda hadi iwe kama siagi ya karanga, ikapakwa kwa mwiko wenye meno, kipande cha kwanza kwenye faiba, cha pili juu ya cha kwanza. Nikavibana kwa bolti kupitia matundu ya zamani ya injini na mbao nene nje na ndani. Usikaze kwa nguvu zako zote. Gundi ikitoka yote pembeni, katikati hakuna kitu. Kaza mpaka uone inachungulia kila upande, basi.

Kwenye kona ya ndani, pale transomu inapokutana na ganda, usiache pembe kali. Jaza epoksi iliyokazwa, ipitishe mgongo wa kijiko upate mviringo, maana nyuzi za kioo hazikubali kupindwa kwa pembe kali. Juu ya mviringo huo nililaza vitambaa, cha kwanza kimepita sentimita 5 kila upande, cha pili 10, cha tatu 15.

Na mahali popote unapounganisha faiba mpya na ya zamani kwa kukata mteremko, uwiano unaotumika sana ni 12 kwa 1. Faiba yenye unene wa milimita 5 inataka mteremko wa milimita 60. Unaonekana mrefu kupita kiasi ukiuangalia, lakini kiungo kinashika kwa eneo, na mteremko mfupi huachana.

Epoksi ikishakauka inaweza kuacha utando wa kama nta juu yake. Uoshe kwa maji na sponji ya kukwaruza kwanza, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unausukumia ndani na rangi haitashika.

---

Kasia_Moja

Na malengelenge ya chini ya mstari wa maji? Yangu yana ukubwa wa kitufe cha shati, mengi upande mmoja.

---

Mkuku

Hayo ni maji yaliyopenya jelikoti taratibu, yakakutana na vitu vinavyoyeyuka ndani ya faiba, yakatengeneza kimiminika kinachovuta maji zaidi. Toboa moja ukiwa umevaa miwani, huwa yana shinikizo. Majimaji yanayotoka yananuka kama siki. Kwa kawaida boti haizami kwa sababu ya malengelenge madogo, kwa hiyo usiyape kipaumbele juu ya transomu.

Matengenezo yake ni subira kuliko kazi. Fungua yote, osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, tena na tena kwa siku kadhaa, hadi hakuna harufu. Kisha kausha, na hili linaweza kuchukua wiki nyingi. Kujua ganda limekauka, bandika kipande cha plastiki angavu kwa utepe pande zote nne, kiache siku nzima. Ukikuta umande ndani yake, bado. Likishakauka jaza kwa epoksi iliyokazwa, usitumie ile pati ya magari, inanyonya maji. Malizia kwa epoksi ya kuzuia maji mikono kadhaa.

---

Nanga77

Wakuu nimerudi. Nilikata kipande cha sakafu kama Mkuku alivyosema. Plaiwudi imeoza, lakini boriti nilizotoboa zimetoa unga mkavu, safi, zote mbili, nashukuru sana. Chini kuna povu la njano, nimelikamua kwa mkono likatoa maji kama sponji ya kuogea. Linatakiwa kutolewa? Nilidhani ndilo linaloizuia boti isizame.

Transomu nimetoboa matundu manne. Mawili ya juu unga mweupe. Mawili ya chini meusi, na moja limedondosha maji kwa dakika nzima. Na tangi la alumini chini ya sakafu lina unga mweupe na vishimo.

---

FundiResini

Povu ndilo linaloizuia, ila likiwa kavu. Mwaka 1961 jarida la Life la Marekani lilionyesha boti ya Boston Whaler ikikatwa vipande viwili kwa msumeno majini, mwenye kampuni, Dick Fisher, ameketi ndani yake, na haikuzama, kwa sababu ganda lilikuwa limejazwa povu. Povu la kawaida la boti lina uzito wa kama kilo 32 kwa mita ya ujazo, huku mita hiyo ya maji ina kilo 1,000. Tofauti hiyo ndiyo inayokubeba. Likishanywa maji, tofauti inakwisha, na unabeba uzito huo kila safari huku ukiwa umezilowesha boriti zako kutoka pembeni. Litoe lote. Usilirudishe mpaka ndani pamekauka, na uache mifereji kando ya boriti ili maji yafike ngamani badala ya kunaswa. Usijaze yale maboksi meupe ya kufungia vifaa vya umeme, petroli inayayeyusha, na resini ya poliesta pia.

---

Mkuku

Hongera kwa boriti, umeokoa miezi.

Tangi lenye vishimo usilitie viraka. Alumini iliyokaa imegusana na povu bichi huliwa kutoka nje, na unachokiona juu ni kidogo kuliko kilicho chini. Badilisha tangi na mpira wa mafuta pamoja, na jipya likae juu ya vipande vya kuliinua ili hewa ipite chini yake.

Transomu yako inatoka yote. Najua mawili ya juu ni mazuri, na utashawishika kukata nusu ya chini tu. Lakini bolti za chini za injini zinapita kwenye ile mbao nyeusi, na kiungo kati ya ubao wa zamani na mpya kitakaa mahali hasa injini inapovuta. Ulivyoeleza sakafu imeshafunguka nyuma, kwa hiyo ingia kwa ndani kama nilivyofanya, usiharibu sura ya nje.

---

Nanga77

Nimekubali. Kitanda cha mbao nakianza kesho. Swali la mwisho mkuu: matundu ya bolti, nikishaweka ubao mpya natoboa tu nafunga injini na silanti?

---

Mkuku

Hapana, ndipo maji yalipoingilia mara ya kwanza. Bolti yako ikiwa ya milimita 12, toboa tundu la milimita 20. Ziba upande wa nje kwa utepe, paka kuta za tundu epoksi tupu, kisha jaza epoksi iliyokazwa hadi pomoni, usiache hewa. Ikishakauka kabisa toboa milimita 12 katikati yake. Sasa bolti inapita kwenye epoksi, na hata silanti ikifa baada ya miaka maji hayaoni mbao. Fanya hivyo hivyo kwenye tundu la plagi na kwa kila skrubu iliyo chini ya mstari wa maji, hata ile ndogo ya kifaa cha kupimia kina.

Silanti nayo weka, kwenye bolti na chini ya washa kubwa, kaza kidogo, iache ishike, kisha malizia kukaza siku ya pili.

Ukifika kwenye kukata faiba ya ndani weka picha kabla hujaanza, tuone.